Mgeni Tajiri Anapofungua Lango

Biashara ya kuwafurahisha watu ina wivu kuliko biashara nyingine nyingi. Muuza chumvi akipata mshindani ng'ambo ya barabara, wawili hao wataugawana mtaa na maisha yataendelea, maana hakuna nyumba isiyokula chumvi. Furaha haiko hivyo. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima bila kwenda kutembea popote wala asipungukiwe na kitu, na siku atakapokuwa na akiba yake ndogo na watoto wamefunga shule, ataipeleka akiba hiyo mahali pamoja tu. Aliyechaguliwa hupata yote, na aliyeachwa hubaki na wafanyakazi waliovaa sare safi wakitazama lango.

Nimekuwa nikisoma kwa muda sasa habari za zile bustani kubwa za burudani za nchi za mbali. Kwa msomaji ambaye amezoea bembea za Sabasaba tu, hizi ni sehemu pana zilizozungushiwa uzio, ambamo mtu hulipa langoni asubuhi, kisha hushinda humo hadi usiku akipanda vitreni vinavyoporomoka kwenye milima ya chuma, akitazama maonyesho, akila, na akinunua vitu ambavyo hakukusudia kununua. Mzee wa chaki kama mimi hana haja ya kupanda vitreni hivyo. Moyo wake hauko tayari. Lakini kuna swali moja katika habari zao ambalo limenishika, nalo ni hili: aliyekuwapo tangu zamani afanye nini siku mgeni tajiri anapofungua lango jirani?

Swali hili halijachuja. Tarehe 22 Mei 2025, kampuni ya Universal ilifungua bustani mpya iitwayo Epic Universe katika mji wa Orlando, jimbo la Florida, Marekani. Ilikuwa bustani kubwa ya kwanza kufunguliwa katika mji huo na Universal au na mpinzani wake mkuu, Disney, tangu mwaka 1999, na gharama yake inatajwa kuwa dola bilioni kadhaa. Disney, ambao wapo hapo tangu 1971, walikuwa wamekwisha kutangaza mnamo 2023 kwamba katika muda wa miaka kumi wangetumia dola bilioni 60 katika bustani zao na meli zao za utalii. Na katika kupata nafasi ya vitu vipya, mwezi Julai 2025 waliufunga mto wao wa kuchimbwa, pamoja na kisiwa chake na meli yake ya magurudumu, ambao ulikuwa sehemu ya bustani tangu mwaka ule wa kwanza. Mahali pake patawekwa mambo ya magari ya filamu za katuni. Wapo watu wazima waliokwenda kuuaga mto ule kana kwamba wanamzika jamaa yao. Waweza kucheka ukitaka. Mimi sikucheka, kwa sababu mtu aliyepanda meli ile na baba yake akiwa na miaka sita haoni maji ya kuchimbwa. Anamwona baba yake.

Mji huo wa Orlando umewahi kutoa somo jingine, la zamani kidogo. Katika miaka ya 1980 Universal walikuwa wameonyesha nia ya kujenga hapo bustani ya mambo ya sinema, mfano wa ile waliyokuwa nayo California, ambako tangu 1964 wageni walikuwa wakitembezwa kwa gari refu kupita katika viwanja vya kupigia filamu. Disney hawakungoja. Wakajenga upesi bustani yao wenyewe ya sinema, yenye gari lake refu na viwanja vyake, wakaifungua tarehe 1 Mei 1989, mwaka mzima kabla ya mwenziwe kuwa tayari. Kwa mtazamo wa biashara ilikuwa hodari sana: umemnyang'anya mgeni maneno yake kabla hajafungua kinywa. Na siku Universal walipofungua, tarehe 7 Juni 1990, mitambo yao mikubwa ikagoma mbele ya umati, wageni wakadai fedha zao.

Lakini tazama yaliyofuata. Universal, kwa kuwa safari ya gari refu ilikuwa imekwisha kuigwa, walikuwa wamelazimika kuivunjavunja katika vipande, kila kipande kikawa mchezo mkubwa unaojitegemea, na mitambo ilipotengemaa vipande hivyo ndivyo vilivyowapa jina. Ile bustani ya Disney iliyojengwa kwa haraka ya kumzuia jirani ikabaki ikitafuta kazi ya kufanya. Upigaji filamu ukafifia, jina likabadilishwa mwaka 2008, na mwaka 2014 lile gari refu likasimamishwa kabisa. Kitu kilichojengwa kwa sababu ya mtu mwingine hukosa sababu yake chenyewe siku mtu huyo anapogeukia jambo lingine.

Wadogo nao? Wengi wao hawakuwa na bilioni za kujibia. Katika jimbo hilohilo la Florida palikuwa na Cypress Gardens, bustani ya maua na maonyesho ya watu wanaoteleza juu ya maji, iliyofunguliwa mwaka 1936 na Dick Pope na mkewe. Ilikuwa fahari ya jimbo zima kabla ya Disney kufika. Ilifungwa mwaka 2003, ikafufuliwa, ikafungwa tena 2009, na mwaka 2011 eneo lake likawa bustani ya Legoland. Wenye mali wapya waliyaacha yale maua ya zamani palepale, na kwa hilo nawashukuru ingawa sijawahi kuyaona. Huko Ufaransa, bustani ya Mirapolis, yenye sanamu kubwa ya lile jitu Gargantua la vitabu vya Rabelais, ilifunguliwa 1987 na kufa 1991, hata kabla Disney hawajafungua bustani yao karibu na Paris mnamo Aprili 1992. Ilhali Parc Astérix, iliyofunguliwa 1989 kaskazini mwa jiji hilohilo, ilitikisika ikasimama, na ipo hadi leo. Yenyewe ilijengwa juu ya Wagoli wa vitabu vya katuni ambao kila mtoto wa Kifaransa amelelewa nao, na hakuna mgeni aliyeweza kuwaleta Wagoli wale kutoka ng'ambo.

Hapo ndipo nilipoanza kupata mwanga, lakini mfano unaoniridhisha zaidi upo Asia, nao una mzizi wake huko California. Nitaanza na mzizi.

Katika mji wa Buena Park, wakulima wawili, Walter Knott na mkewe Cordelia, walikuwa wakiuza matunda na jemu kando ya barabara. Mwaka 1934, katika zile shida za uchumi, mama huyo akapika kuku wa kukaanga na kuwaandalia wateja wanane katika vyombo vyake vya harusi. Kuku wakapendwa mno. Foleni zikawa ndefu kiasi kwamba mumewe, ili watu wasichoke kungoja, akaanza kuwajengea kitu cha kutazama: kijiji cha kale cha wachimba dhahabu, chenye nyumba za mbao. Ndivyo bustani ya Knott's Berry Farm ilivyozaliwa, kutokana na foleni ya chakula. Kisha, tarehe 17 Julai 1955, Walt Disney akafungua Disneyland yake mwendo mfupi tu kutoka hapo. Husimuliwa kwamba Knott na mkewe walialikwa kwenye ufunguzi, wakarudi nyumbani na wasiwasi mioyoni, wakakuta uwanja wao wa kuegesha magari umejaa. Wageni waliokuja kumtazama jirani walikuwa na njaa. Knott's haikuwa na haja ya kujenga ngome ya binti mfalme. Ilikuwa na kuku.

Sasa twende Hong Kong. Mwaka 1977, upande wa kusini wa kisiwa hicho, ilifunguliwa bustani iitwayo Ocean Park. Serikali ilitoa ardhi, na klabu ya mbio za farasi ikatoa fedha za ujenzi. Haikuwa kampuni ya kutafuta faida. Ilikuwa mali ya umma kwa namna fulani, na baadaye ikawekwa chini ya sheria yake yenyewe. Sehemu moja iko bondeni na nyingine juu ya rasi inayotazama bahari, na kati yake watu husafirishwa katika vijumba vidogo vinavyoning'inia kwenye waya, juu kabisa ya miamba na mawimbi. Ndani yake mlikuwa na papa, pomboo, simba-bahari, na tangu 1999 panda wawili kutoka bara, An An na Jia Jia. Watoto wa shule wa Hong Kong walipelekwa hapo kizazi baada ya kizazi. Mabibi waliokuwa wakiwapeleka wajukuu walikuwa wamepelekwa wao wenyewe wakiwa wasichana.

Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1999, serikali ya Hong Kong ikatangaza mapatano na Disney. Bustani mpya ingejengwa katika kisiwa cha Lantau, juu ya ardhi iliyofukiwa kutoka baharini, na serikali yenyewe ingekuwa mwenye hisa nyingi zaidi. Fikiri maana yake kwa Ocean Park. Aliyewapa ardhi ndiye aliyemkaribisha mshindani, tena akatia fedha zake humo. Na bustani yenyewe ilikuwa imechoka. Msukosuko wa uchumi wa Asia ulikuwa umeipa hasara, rangi zilikuwa zikibanduka, na mwaka 2003 ukaja ugonjwa wa SARS uliofunga watu majumbani. Wengi walikwisha kuiandikia tanzia. Kuna waliosema ardhi ile ya kando ya bahari ingefaa zaidi kwa majumba.

Mwaka huo wa 2003 mkuu wa serikali akamteua mwenyekiti mpya, Allan Zeman. Huyu alizaliwa Ujerumani, akakulia Kanada, akafika Hong Kong kijana akafanya biashara ya nguo, kisha akatajirika kwa mikahawa na vilabu katika mtaa wa Lan Kwai Fong. Kuhusu bustani za burudani hakujua kitu, naye mwenyewe alikuwa akilisema jambo hilo bila haya. Alichofanya kwanza ni kumtafuta anayejua. Mwaka 2004 akaajiriwa mtendaji mkuu, Mmarekani Tom Mehrmann. Na Mehrmann, msomaji wangu, alianza kazi ujanani kama mfagiaji katika bustani gani? Knott's Berry Farm. Alijifunza kazi mahali palipokuwa pameishi karibu na Disneyland kwa zaidi ya miaka ishirini bila kufa. Hakuhitaji kuelezwa kwamba inawezekana.

Walichoamua wawili hao kinaelezeka kwa maneno machache, ingawa kukitekeleza kuliwachukua miaka. Hawatashindana na Disney kwa Udisney. Mgeni alikuwa na ngome, binti wafalme, na panya maarufu kuliko wafalme wengi. Wao walikuwa na wanyama wenye damu, mlima wa kweli na bahari ya kweli. Basi wakasema kwa sauti ya juu: kule ni ndoto, huku ni viumbe hai. Mwezi Machi 2005, miezi sita kabla ya mgeni kufungua, wakatangaza mpango wa kuijenga upya bustani kwa dola za Hong Kong bilioni 5.5. Wakati walipotangaza, hesabu za bustani hazikuwa za mtu wa kutembea kifua mbele. Walikopa. Naliita jambo hili ujasiri, maana yalikuwa rahisi kusema, “Tungoje kwanza tuone mgeni atakuwaje.” Ukingoja, utakopa baadaye ukiwa na wateja wachache na benki iliyokunja uso.

Disney walifungua tarehe 12 Septemba 2005. Bustani ilikuwa ndogo kuliko ndugu zake wa nchi nyingine, na jambo moja baada ya jingine likaenda mrama. Kabla hata ya kufungua, walishutumiwa na wapenda mazingira kwa kupanga kuandaa supu ya mapezi ya papa katika karamu za harusi, wakaiondoa. Katika sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina ya 2006, watu wenye tiketi halali walifungiwa nje kwa sababu ndani kulikuwa kumejaa, na picha za watoto wakipitishwa juu ya uzio zikaenea. Katika mwaka wa kwanza walipata wageni milioni 5.2 badala ya milioni 5.6 walizotarajia, na mwaka wa pili wakapungua zaidi.

Na Ocean Park? Katika mwaka uleule ambao ilitakiwa ife, ilipokea wageni zaidi ya milioni 4, wengi kuliko mwaka uliotangulia, na mwaka uliofuata wakakaribia milioni 5. Mwenyekiti akawa kama mtoto aliyepewa ngoma. Walipofungua nyumba ya yavuyavu, wale viumbe wa baharini walio kama utando, yeye mwenyewe alivaa vazi la yavuyavu mbele ya wapiga picha. Tajiri mzima! Ningekuwa mkaguzi wa shule ningemwandikia alama nzuri kwa hilo, kwa sababu walimu wengi huogopa kuchekwa kuliko wanavyoogopa shule kufa. Mehrmann naye aliikuza sherehe ya mizimu ya mwezi Oktoba, ile ya Halloween, ambayo huko Knott's ilianza tangu 1973. Hakuileta ilivyo. Pamoja na mizuka ya Kizungu walitia mizuka ya Kichina, maiti wanaorukaruka na hadithi za majumba ya Hong Kong yenyewe, zile ambazo bibi humsimulia mjukuu taa zikiwa zimezimwa. Mwaka 2012 wakafungua mtaa mzima wa “Hong Kong ya zamani”, wenye tramu na vibanda vya vyakula vya miaka ya 1950 hadi 1970. Hapo wazee walikwenda kuwaonyesha vijana jinsi walivyoishi.

Miaka hiyo ilikuwa ya neema. Ilipofika mwaka wa fedha 2012/13 wageni walizidi milioni 7 kwa mwaka.

Hapa nitaomba niseme jambo la kwangu. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika miaka ambayo shule za binafsi zilianza kuota kwetu kama uyoga baada ya mvua. Moja ilifunguliwa karibu nasi, yenye basi la njano na tai shingoni, na masomo yote kwa Kiingereza. Muhula mmoja tulipoteza watoto wengi wa wafanyabiashara na watumishi. Katika kikao cha wazazi, baadhi walitaka nasi tushone tai, tupake basi rangi, na tuanze kusalimiana kwa Kiingereza asubuhi mstarini. Fedha za basi hatukuwa nazo. Hata basi la rangi nyingine hatukuwa nalo. Tulichokuwa nacho ni karakana ya useremala aliyoianzisha mwalimu mmoja aliyenitangulia, kwaya iliyojulikana hadi wilayani, na walimu watatu wa hesabu ambao ningewaweka mbele ya mtu yeyote. Tukakubaliana kwamba watoto wa darasa la saba watakuwa na saa moja na nusu ya hesabu kila jioni, na karakana itafunguliwa Jumamosi. Waliotaka tai walikwenda kwenye tai. Siwalaumu. Wachache walirudi, wengi hawakurudi, na shule ile nyingine ipo na inafanya vizuri. Yetu pia ipo. Kwa hiyo ninapowasoma wale waliosema “sisi tuna wanyama hai”, nawaelewa kwa mwili, si kwa akili tu.

Lakini tusiharakishe kuwapigia vigelegele. Nilipoisoma habari ya Ocean Park mara ya kwanza, ilisimuliwa kama hadithi ya mnyonge aliyempiga jitu kwa kombeo, na hadithi za namna hiyo aghalabu huacha nje nusu ya mambo. Kuanzia Julai 2003, baada ya SARS, China ilianza kuwaruhusu watu wa miji kadhaa ya bara kwenda Hong Kong mmoja mmoja bila kujiunga na kundi la watalii. Lango hilo lilikuwa kubwa kuliko malango yote mawili ya bustani. Wageni wapya walimiminika, nao walitosha kumshibisha mkazi na mgeni. Kuja kwa Disney nako kuliwavuta watu wa mbali, na aliyekuja siku nne akamaliza Disney kwa siku moja, akauliza kuna nini kingine. Uwanja wa magari wa Knott ulijaa tena.

Isitoshe, wanyama hai ni mtaji wenye deni lake. Ocean Park iliwahi kutaka kuleta nyangumi weupe waitwao beluga waliovuliwa katika bahari ya Urusi, na mwaka 2011 ikauacha mpango huo baada ya lawama nyingi. Ukisema nguvu yako ni viumbe vya kweli, basi watu watakuuliza viumbe hivyo wanaishije, na una wajibu wa kujibu. Panya wa katuni haulizwi swali hilo.

Halafu akaja mshindani wa pili, na huyu ndiye aliyewauma. Mwaka 2014, katika kisiwa cha Hengqin, mji wa Zhuhai, upande wa bara, ilifunguliwa bustani ya bahari ya kampuni ya Chimelong, yenye matangi makubwa ya samaki kupita kiasi, papa-nyangumi, na hoteli kubwa. Disney alikuwa tofauti na Ocean Park, kwa hiyo palikuwa na nafasi ya kusema “sisi si wale.” Chimelong ilikuwa ni wao hasa, ila mpya, kubwa zaidi, na karibu zaidi na wateja wa bara. Mwaka 2016 Disney wakafungua Shanghai, na mwaka 2018 likafunguliwa lile daraja refu la kuunganisha Hong Kong, Zhuhai na Macau. Kuanzia mwaka wa fedha 2015/16 Ocean Park ikaanza kuandika hasara. Mbinu iliyofaa kwa mgeni wa kwanza haikuwa na jibu kwa wa pili. Nami sioni ni jibu gani lingekuwapo. Mtu akija na kile kile ulicho nacho, mara tatu yake, sijui utasema nini zaidi ya kwamba wewe ni wa hapa.

Na huenda hilo ndilo lililowaokoa, ingawa kwa njia isiyo ya biashara. Januari 2020 bustani ilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa UVIKO, baada ya mwaka wa maandamano uliokwisha kuwafukuza watalii. Fedha za kulipia madeni, pamoja na yale ya ujenzi mkubwa, zilikuwa zikiisha. Mwezi Mei mwaka huo Baraza la Kutunga Sheria likaidhinisha dola za Hong Kong bilioni 5.4 kuinusuru. Palikuwa na ubishi mkali, na haki yao waliobisha: fedha ni za umma, na mahospitali yalikuwa na mahitaji yake. Waliounga mkono walitaja ajira, walitaja wanyama ambao hawawezi kuachishwa kazi na kwenda makwao, na walitaja kumbukumbu za watu wa mji. Kumbukumbu katika hesabu za baraza! Mhasibu angeikata kwa kalamu nyekundu. Lakini hakuna aliyeweza kuikana, kwa sababu wengi waliokaa mle barazani walikuwa wamepanda vile vijumba vya waya wakiwa na kaptula za shule.

Disney wa Lantau hakufa, na wala sikutaka afe. Miaka ile migumu ilimfundisha. Aliongeza maeneo mapya, na mnamo Novemba 2023 akafungua kijiji kizima cha filamu ya Frozen. Hivi sasa bustani hizo mbili zinakaa katika mji mmoja kama majirani waliokwisha kugombana wakazoeana.

Jia Jia, yule panda wa mwaka 1999, alifariki Oktoba 2016 akiwa na miaka 38, mkongwe kuliko panda wote waliotunzwa na watu. Panda wengine wawili, Ying Ying na Le Le, walikuwa wamefika mwaka 2007 wakiwa wadogo, na kwa miaka kumi watunzaji walingoja wapandane bila mafanikio. Walipandana Aprili 2020, wakati lango limefungwa na hakuna mtu wa kuwachungulia. Hata hivyo mimba haikushika. Watoto walipatikana Agosti 2024, pacha, jike na dume, Ying Ying akiwa na umri ambao hakuna panda mwingine anayejulikana kuzaa kwa mara ya kwanza akiwa nao. Mwaka 2025 wakapewa majina. Dume ni De De. Jike ni Jia Jia, jina ambalo likiandikwa kwa herufi zetu halitofautiani na la yule mkongwe, ingawa kwa Kichina ni mengine. Watu wa Hong Kong wakapanga foleni kuwaona, bibi kwa mjukuu, na wengi wao, bila shaka, walipanda juu kwa waya.